Yamenifika Magotini

Zabibu zimelipwa. Si zote,
mnunuzi bado ana deni la kreti kumi na moja,
lakini zilizolipwa zimo kwenye kopo la maziwa ya unga
na Mendradi ameandika ubavuni kwa kalamu nene: BAHARI.
Mtu asiguse.

Basi usiku huu, hapa Nkuhungu, tumeizunguka simu moja
kama kuku wazungukavyo pumba.
Tunachagua hoteli.

Ya kwanza ina bwawa, na bwawa lina mtelezo wa rangi tatu,
ina miavuli ya makuti
na anga la buluu hadi linatia shaka.
Bei yake niliisoma mara mbili
nikamrudishia Mendradi simu taratibu,
kama mtu arudishavyo kisu.

Ya pili, Bagamoyo. Watoto bure,
walio chini ya miaka sita.
Tukatazamana.
"Chiduo ana mitano," akasema baba yake, macho darini.
"Nina sita na nusu!" ikatoka sauti chini ya meza.
"Krismasi natimiza saba, na jino limeng'oka!"
Jino likaletwa, ndani ya kibiriti, kutoa ushahidi.
Tukaiacha ya pili.

Ya tatu ina muziki hadi alfajiri.
Ya nne haisemi vyoo viko wapi.
Ya tano ina picha moja tu, imepigwa na mkono uliotikisika:
kiti cha plastiki, kamba ya nguo,
na nyuma ya kanga iliyoanikwa, ufito wa maji.

Sechelela wa darasa la nne hakuulizia mtelezo.
"Mama, bahari hufungwa saa ngapi?"
Mtoto wa mgao huyu. Anajua maji huja Jumanne usiku,
kwanza hukohoa ndani ya bomba,
halafu ndoo zote za nyumba hupanga foleni.
"Haifungwi," nikamwambia.
"Sasa bili analipa nani?"

Sikuwa na jibu. Wala sikusema
kwamba nina miaka thelathini na minane
na maji makubwa niliyowahi kuyaona ni ya Hombolo,
nikiwa mgongoni mwa shangazi, nyuma ya matete.
Maji usiyoyafika hujui wingi wake,
na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuyachagua.

Nikaipigia ile ya tano.
Akapokea mwanamke, sufuria zinagongana nyuma yake.
Nikauliza bei, nikauliza vyandarua,
nikauliza mpaka kama chai inahesabiwa kando.
Halafu lile lililokuwa limenikaa kooni:
"Dada, wanangu ni wa nchi kavu.
Hapo kwenu maji yana kina gani?"

Wengine wote walinijibu, hakuna shida, karibuni sana.
Huyu akasema, "Ngoja."

Nikasikia kandambili, pa, pa, pa,
mlango wa wavu, mbwa akikaripiwa,
kisha kandambili zikanyamaza
na kitu kikubwa kikaanza kupumua ndani ya simu.

Mendradi akazima redio.
Chiduo akatoka chini ya meza na kibiriti chake.
Kikavuta pumzi. Kikashusha.
Hakuna aliyeuliza ni nini.

"Mnanisikia?" Sauti yake ilikuwa mbali, imelowa.
"Nimehesabu hatua arobaini, yamenifika magotini.
Ila msichague kwa maji ya usiku, saa hizi yamekupwa.
Kesho yakijaa nitaingia tena, niwaambie ukweli."

Chumba kimoja, vitanda vitatu,
feni moja, tena siku nyingine haizunguki, alisema mwenyewe.
Mendradi ameshaanza kulifungua kopo, anahesabu kwa midomo.

Sechelela hasikilizi hesabu.
Ameichukua simu kabla haijakatwa,
ameipeleka uani, penye ndoo zetu tano,
amechuchumaa na kuiweka mdomoni mwa ile kubwa, tupu,
ili nayo isikie.